Ruzuku za Wakfu: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanza, Magharibi na Nakuru

Barua nyingi nilizopokea msimu huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuomba ruzuku kutoka kwa wakfu wa kibinafsi, yaani taasisi ya hisani iliyowekewa mtaji na familia au kampuni na inayojichagulia eneo na kazi itakazogharamia. Kwa miaka kadhaa hapa Kisumu nimesoma maombi ya namna hii kwa niaba ya wafadhili, na kabla ya hapo niliyaandika kwa niaba ya vikundi. Nimechagua maswali saba na kuyafupisha. Majina ya waulizaji nimeyaacha.

Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanane karibu na Ahero. Tunakuza mboga na kuwasomesha mayatima. Cheti chetu ni cha Idara ya Maendeleo ya Jamii, lakini wakfu tunaotaka kuuomba unasema unapokea "mashirika yasiyo ya faida yaliyosajiliwa kisheria". Je, tumo? (Katibu, Nyando)

Bi. Katibu, nyinyi mmesajiliwa kisheria, na msikubali mtu awaambie vinginevyo. Vikundi vya kijamii vyenye wanachama kumi au zaidi husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Tatizo ni kwamba baadhi ya wakfu, kwa masharti yao wenyewe, hutaka chombo chenye bodi na hesabu zilizokaguliwa: shirika la manufaa ya umma lililosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 ikachukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 1990, au kampuni isiyo na hisa inayodhaminiwa na wanachama wake, au amana, yaani mali iliyokabidhiwa wadhamini kwa kusudi maalumu. Kwa hiyo, kabla ya kujaza hata ukurasa mmoja, waandikieni barua fupi yenye maswali mawili: je, kikundi cha kijamii kinaruhusiwa kuomba, na kama hakiruhusiwi, kinaweza kuomba kupitia shirika mwenyeji litakalopokea fedha kwa niaba yake?

Mkipita kwa shirika mwenyeji, hakikisheni mkataba unataja sehemu ya fedha litakayobaki nayo, idadi ya siku litakazochukua kuwafikishia zilizosalia, na mwenye mali itakayonunuliwa, iwe pampu au tangi. Nawasihi pia msikimbilie kujisajili upya kuwa shirika kubwa kwa sababu ya ruzuku moja, kwa maana usajili huo huja na ripoti za kila mwaka na gharama za mkaguzi, na nimeona kikundi chenye bidii kikiacha shamba ili kihudumie makaratasi.

Jambo la mwisho ni dogo lakini limeangusha wengi. Wekeni cheti na taarifa ya benki mezani, msome jina neno kwa neno. Neno moja likiachwa kwenye jina la akaunti, mfadhili anaona vikundi viwili.

Tunaomba tangi la lita 10,000 na mifereji ya paa kwa shule yetu yenye wanafunzi 320. Fomu inataka "mabadiliko yanayopimika". Nimeandika kwamba mradi utaboresha afya na elimu ya jamii nzima, lakini mwenzangu anasema haitoshi. (Mwalimu, Busia)

Mwalimu, mwenzako amesema kweli, nami nitakaa kidogo kwenye swali hili kwa sababu hapa ndipo maombi mengi mazuri hupotelea. Sentensi yako inaweza kuandikwa na yeyote kuhusu mradi wowote. Mimi nikiisoma sikuoni wewe, wala shule, wala maji.

Anza na paa. Tuseme jengo lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 200. Kila milimita moja ya mvua huangusha lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya jioni moja ya milimita 30 itamwaga lita 6,000 juu ya paa hilo, na ukitoa thuluthi moja hadi sehemu moja ya nane inayopotea njiani, kutegemea hali ya mabati na mifereji, utabaki na lita kati ya 4,000 na 5,250. Mvua mbili au tatu za namna hiyo zinalijaza tangi lako. Sasa geukia watoto. Ukimpa kila mmoja lita mbili kwa siku za kunywa na kunawa mikono, shule inatumia lita 640, na tangi lililojaa linakwisha baada ya siku kumi na tano za masomo.

Hesabu hiyo inakuambia ukweli ambao ombi lako halikuusema: Aprili na Mei mtakuwa na maji, lakini Januari na Februari tangi litakauka. Usiufiche ukweli huo. Andika kwamba katika wiki za kiangazi shule itaendelea kununua maji ya mkokoteni, au omba tangi la pili na utoe hesabu inayolihalalisha. Msomaji wa ombi anayekuta udhaifu wa mradi umetajwa na mwenye mradi mwenyewe huanza kuyaamini pia yale mengine aliyoandika.

Kipimo sasa kinajitokeza chenyewe. Fungua daftari la matumizi la shule uhesabu mitungi iliyonunuliwa kila wiki katika muhula uliopita, kisha uwaulize walimu wa zamu ni siku ngapi watoto walitumwa kisimani wakakosa kipindi cha kwanza. Andika idadi hizo kama hali ilivyo leo, ahidi idadi utakazofikia baada ya mwaka, na utaje nani atakuwa akizirekodi. Ongeza mstari kuhusu utunzaji: nani atabadilisha bomba likiharibika na kwa fedha zipi, na nani atahakikisha maji ya mvua ya kwanza, ambayo husomba vumbi na kinyesi cha ndege kutoka juu ya mabati, yanaelekezwa kando kabla ya kuingia tangini. Ambatanisha barua ya mwalimu mkuu na bodi ya shule inayokubali mradi ujengwe hapo, maana uwanja ni wa shule, si wa waombaji.

Wakfu unaruhusu asilimia 10 tu ya bajeti kwa gharama za uendeshaji, lakini mhasibu na kodi ya ofisi vinazidi hapo. Wenzangu wanataka tuziongeze kimyakimya kwenye chai na usafiri wa semina. (Mratibu wa shirika, Kondele)

Msifanye hivyo. Nimesoma bajeti iliyokuwa na chakula cha watu 60 huku orodha ya washiriki ikiwa na watu 25, na baada ya hapo hakuna aliyeitazama tena kazi ya shirika hilo, ambayo kwa hakika ilikuwa njema.

Ipo njia halali ambayo mashirika mengi hayaijui. Mhasibu anayeutumikia mradi moja kwa moja si lazima ahesabiwe wote katika uendeshaji. Ikiwa kati ya siku tano za wiki anatumia mbili kwa mradi huu, na mshahara wake tuseme ni shilingi 30,000 kwa mwezi, basi shilingi 12,000 ni gharama ya mradi wenyewe, na zinaweza kuwekwa kwenye mstari wake wa bajeti ilimradi miongozo ya wakfu inaruhusu na mhasibu anajaza karatasi ya saa zake kila wiki. Zinazobaki ndizo za uendeshaji. Kama hata hivyo asilimia 10 haitoshi, waambieni wakfu waziwazi, mkionyesha hesabu. Wafadhili wengine hukubali kuongeza, na wasipokubali, mtakuwa mmejua mapema kwamba ruzuku hii itawaachia pengo ambalo ni lazima lizibwe kwingine.

Mweka hazina wetu alifariki mwaka jana. Tangu hapo hatujaweza kutoa fedha benki, na michango hupitia simu ya mwenyekiti. Je, tunaweza kuomba ruzuku hivyo hivyo? (Mwanachama, Bondo)

Poleni sana kwa msiba. Hapana, msiombe bado, hata kama mwenyekiti ni mwaminifu kabisa, kwa kuwa fedha zilizo katika simu ya mtu huonekana kuwa za mtu huyo machoni pa wengine, hasa warithi wake. Itisheni mkutano wenye akidi kwa mujibu wa katiba yenu, mchague mweka hazina mpya, na mwandike kumbukumbu zinazotaja jina la aliyefariki, jina la anayechukua nafasi yake na azimio la kubadilisha watia sahihi, zikiwa na sahihi za waliohudhuria. Zipelekeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ili aandike barua kwa benki, kisha mwende benki pamoja na cheti, katiba na vitambulisho. Michango iliyokwisha kupita kwenye simu iorodheshwe tarehe kwa tarehe kutoka kwa taarifa ya M-Pesa, isomwe mbele ya wanachama, na salio liwekwe benki. Mfadhili akiuliza kuhusu miezi hiyo, mtakuwa na karatasi ya kumwonyesha, na naamini karatasi hiyo itawasemea vizuri kuliko kikundi ambacho hakijawahi kupatwa na lolote.

Kuna mshauri hapa mjini anayesema atatuandikia ombi kwa asilimia 10 ya ruzuku, na tumpe shilingi 5,000 kwanza "za kufungua faili" kwa mtu anayemjua ndani ya wakfu. (Kiongozi wa vijana, Nakuru)

Hizo shilingi 5,000 msizitoe. Wakfu wa hisani upo ili utoe fedha, na anayedai malipo ili faili ifunguliwe anawaibia au anawatangulizia hongo ambayo itaangusha ombi lenu ikijulikana. Upigieni wakfu kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake mwenyewe, si ile mliyopewa na mshauri, na mueleze yaliyotokea bila woga.

Kumlipa mwandishi si kosa, ila mlipeni ujira uliokubaliwa kwa kazi aliyofanya, kutoka fedha zenu. Asilimia ya ruzuku ni fedha zilizotolewa kwa ajili ya watu wengine. Pia mmoja wenu awe anaketi naye anapoandika, kwa sababu afisa wa wakfu akija kuwatembelea atauliza maswali kuhusu yaliyoandikwa, na mwandishi hatakuwepo.

Tumesikia kuna wakfu za familia nchini Marekani zinazosaidia Afrika Mashariki. Tutajuaje ni upi unaofaa kuuomba? (Kijana, Lurambi)

Kijana wangu, umeuliza swali ambalo lina jibu zuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya kodi ya Marekani huzitaka wakfu nyingi za kibinafsi zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zilizowekeza, na ziwasilishe fomu iitwayo 990-PF, ambayo iko wazi kwa umma na husomwa bure kwenye intaneti. Ndani yake mna orodha ya waliopewa ruzuku mwaka huo, kiasi walichopata na kusudi lake. Tafuteni humo majina ya mashirika ya Kenya. Kama ruzuku zote zimekwenda kwa mashirika makubwa, msipoteze wiki tatu kuandika. Kama kuna la Bungoma au Vihiga lenye ukubwa kama wenu, mpigieni simu mratibu wake mumuulize alivyoingia.

Kwenye fomu hiyo kuna pia kisanduku kidogo ambacho wakfu hutia alama ikiwa hutoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe tu na haupokei maombi. Kitazameni kwanza. Kisha mjue kwamba wakfu kama huo, unapokipa fedha kikundi cha nchi nyingine kisichotambuliwa kuwa sawa na shirika la hisani la kwao, hulazimika kukichunguza kabla, kuweka mkataba wa maandishi na kudai ripoti za matumizi. Wakiwaomba katiba, majina ya viongozi na hesabu za miaka iliyopita, msidhani wanawashuku. Sheria inawabana. Walio karibu msiwasahau pia: Kenya Community Development Foundation ilianzishwa mwaka 1997 na Wakfu wa Safaricom mwaka 2003, na zote mbili zimegharamia kazi za jamii katika sehemu nyingi za nchi.

Tulipewa ruzuku ya kuezeka kibanda cha akina mama wajawazito wanaosubiri huduma kwenye zahanati. Bei ya mabati imepanda, lakini mstari wa mafunzo una fedha zilizobaki. Je, tuzihamishe? (Mweka hazina, Vihiga)

Zisihamishwe kabla ya wakfu kujibu kwa maandishi. Someni mkataba kwanza, kwa sababu mingine huruhusu kuhamisha kiasi fulani bila idhini, na kama wenu unaruhusu, utataja kiwango chake. Kama hautaji, andikeni barua ya ukurasa mmoja yenye bei ya zamani, bei mpya kutoka maduka mawili, kiasi mnachotaka kuhamisha, na maelezo ya yatakayopungua kwenye mafunzo. Jibu la simu lisiwatoshe. Afisa akikubali kwa mdomo, mwandikieni siku hiyo hiyo mkirudia alichosema na mkimwomba athibitishe, kisha mchapishe jibu lake mliweke kwenye faili pamoja na risiti za mabati. Risiti hizo zitoeni nakala siku mnayonunua, kwa kuwa karatasi ile laini ya mashine za dukani hufifia, na mkaguzi atakayefika baada ya mwaka atakuta karatasi nyeupe.