Barua kwa mwanangu: ulikamatwa na gari ndogo, lakini CDL ni ileile

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Umeuliza hivi, Mama, nilikuwa na gari yangu ndogo, siku yangu ya off, lori limepaki yadi, sasa mbona watu wananiambia hii DWI, hii kesi ya kuendesha nimelewa, itanichukulia CDL, leseni yangu ya malori? Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa simu utalia na mimi nitalia na hakuna la maana tutakalofanya, halafu haya mambo unahitaji kuyasoma tena na tena ukiwa na wakili.

Wanakuambia ukweli. Unajua kazi yangu huku Ohio ni kushika mafaili ya madereva, na kampuni yetu ina madereva wengi wa Texas kama wewe, kwa hivyo hii si habari ya kusikia parking ya malori. Sheria ya serikali kuu ya Marekani kuhusu CDL haiulizi ulikuwa unaendesha gari gani. Mwenye CDL akipatikana na hatia ya kuendesha amelewa, iwe ni lori la pauni 80,000 ama ni kagari ka kwendea kanisani, mara ya kwanza CDL inafungwa mwaka 1. Tofauti iko kwenye kipimo cha pombe tu, ukiwa kwenye lori kikomo ni 0.04 na ukiwa kwenye gari ndogo hapo Texas ni 0.08 kama raia wengine, na wewe umesema ulipuliza ikasoma 0.11. Ungekuwa kwenye lori lenye lodi ya kemikali na zile alama za hatari ingekuwa miaka 3. Na hao rafiki zako wanaokuambia ati ungekataa kupuliza ungetoka salama, waambie wanyamaze, kwa mwenye CDL kukataa kipimo kunahesabiwa sawa na kulewa, mwaka uleule.

Sasa sikia hii kwa makini kuliko yote, maana hapa ndipo madereva wengi wanapotea. Wewe huna kesi moja, una kesi mbili. Moja ni ya koti ya kaunti, hiyo ya jinai, itachukua miezi na huenda hata mwaka. Ya pili ni ya leseni, iko kwa DPS, idara ya Texas inayotoa leseni, na hiyo haingojei koti. Ile karatasi polisi alikupa usiku ule alipochukua leseni yako, iliyoandikwa DIC-25, ndiyo barua ya kukuambia leseni inafungwa na wakati huohuo ndiyo kibali chako cha muda. Kuanzia siku uliyopewa una siku 15 za kuomba usikilizwe. Siku 15 baba, si siku 15 za kazi na si kuanzia siku utakayopata hela. Usipoomba, siku ya 40 leseni inajifunga yenyewe, siku 90 kwa mtu aliyepuliza akazidi mara ya kwanza, na CDL inafuata nayo mwaka mzima hata kama koti haijaita jina lako. Ukiomba ndani ya muda, hawaifungi leseni kwanza mpaka jaji wa mambo ya leseni asikilize, na wakili wako anapata nafasi ya kumuuliza yule polisi chini ya kiapo alikusimamisha kwa sababu gani, kipimo alikifanya saa ngapi, alikusomea maonyo au hakukusomea. Majibu hayo yanakuja kusaidia kule kwa koti. Kwa hivyo hata kama unaona utashindwa, omba.

Umeniambia pia kuna jamaa wa kazini kwako wa zamani alipata deferred, yaani kuahirishiwa hukumu, akafanya probesheni yake, kile kipindi cha kuangaliwa na koti, akamaliza, na sasa anatembea kama kawaida, ukauliza kwa nini na wewe usiombe hiyo. Ni kweli Texas tangu 2019 wanaruhusu deferred kwa DWI ya kwanza, lakini sheria hiyohiyo imewatoa watu waliokuwa na CDL wakati wa kosa. Na si Texas peke yake, kuna kanuni ya serikali kuu inayokataza jimbo lolote kuficha kosa la barabarani la mwenye CDL kwa kumuahirishia hukumu ama kumpeleka kwenye programu ya kufutiwa. Hata ukikimbia leo ukarudisha CDL na kuchukua leseni ya kawaida haikusaidii, wanaangalia ulikuwa na nini usiku wa kukamatwa. Inayoweza kukusaidia ni udhaifu wa ushahidi wenyewe, kama polisi alikosea mwendesha mashtaka anaweza kuondoa au kubadilisha shtaka kwa sababu hana kesi, na hiyo ni kitu tofauti kabisa na kufichiwa. Ndiyo maana sitaki uchukue wakili yeyote tu aliyebandikwa kwenye bango la hiwei. Muulize swali moja akikushikia simu, amewahi kutetea mwenye CDL? Akianza kukusifia deferred, mkatie.

Kuna ile leseni ya shida ambayo jaji anaweza kukupa uende kazini na kununua chakula. Iombe kama itafika huko, lakini ni ya gari ndogo. Hakuna jimbo linaloruhusiwa kukupa kibali cha kuendesha lori wakati CDL imefungwa, wala kwa sababu una watoto, wala kwa sababu una deni.

Kampuni yako nayo. Sheria inakudai uwaambie ndani ya siku 30 ukipatikana na hatia, na leseni ikifungwa uwaambie kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Kukamatwa peke yake sheria ya serikali kuu haikudai useme, lakini kitabu cha kampuni mara nyingi kinadai, kwa hivyo kitafute kile kitabu ulichosaini siku ya orientesheni usome kinasema nini, na umwonyeshe wakili kabla hujafungua mdomo. Usijifiche ukaendelea kubeba lodi kama leseni imefungwa. Mimi nakwambia tunaona. Kampuni nyingi siku hizi zimejiunga na mfumo unaoleta taarifa rekodi ya dereva ikibadilika tu, na hata zisizojiunga lazima zivute rekodi angalau mara moja kwa mwaka. Nimeona dereva anaitwa arudi yadi akiwa njiani na trela imejaa, anakabidhi funguo na kadi ya mafuta, anabeba blanketi na sufuria zake kwenye mfuko wa takataka anaomba lifti mpaka stendi ya basi. Hakufukuzwa kwa pombe, alifukuzwa kwa kuendesha na leseni iliyofungwa, na hilo ni kosa lingine kubwa juu ya lile la kwanza.

Kitu kimoja cha kukupa pumzi. Wewe una wasiwasi na Clearinghouse, ile rejista ya madawa na pombe iliyoanza Januari 2020. DWI ya gari ndogo siku ya off haiingii mle. Ingekuwa kwenye lori ingeingia, na hapo ungepelekwa kwa SAP, mtaalamu wa mambo ya ulevi na madawa, upimwe kabla ya kurudi, halafu vipimo vya ghafla visivyopungua 6 ndani ya miezi 12 ya kwanza, na tangu Novemba 2024 jimbo lenyewe linakushushia CDL iwe leseni ya kawaida mpaka umalize. Hilo limekupita. Lakini kwenye rekodi yako ya udereva DWI itakaa, na hiyo ndiyo tunayosoma sisi.

Na hapa ndipo nataka uelewe kitu ambacho hao jamaa wa parking hawakuambii, kwamba mwaka 1 wa sheria si mwaka 1 wa kazi. Alikuja kijana mmoja ofisini kwetu, amemaliza mwaka wake, amelipa faini, CDL iko mkononi mpya kabisa. Road test alifanya vizuri mpaka bosi akatoka nje kumtazama anavyorudisha trela, mara moja tu ikaingia. Nikajaza karatasi zake, nikatuma jina kwa watu wa bima. Jibu likarudi mstari mmoja, huyu hatumuwekei. Bosi alipiga simu, akabembeleza, wapi. Kampuni ya bima haijali sheria imekusamehe, ina meza yake, wengine wanaangalia miaka 3 nyuma, wengine 5, wengine 7 na zaidi, na kampuni haiwezi kukupa lori lisilo na bima hata ikupende namna gani. Nilimwona yule kijana akikunja nakala yake ya fomu mara nne akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaniambia asante mama. Nilipokusikia wewe nilimkumbuka yeye, na moyo ukaniuma.

Kwa hivyo milango ya kwanza itakayofunguka itakuwa ya kampuni ndogo, ama zile chache zinazopokea watu wenye rekodi, malipo yakiwa ya chini na lodi za usiku ambazo wengine hawazitaki. Zichukue. Kila mwaka ukipita safi jina lako linakuwa jepesi kidogo. Na kwenye fomu usidanganye hata siku moja, fomu ya kuomba udereva inauliza kama leseni yako yoyote imewahi kufungwa, haisemi ndani ya miaka mitatu, inasema imewahi. Dereva aliyeandika ukweli na kuambatisha barua fupi ya kueleza mimi nampeleka kwa bosi. Aliyeandika hapana na rekodi inasema ndiyo, faili lake nalifunga siku hiyohiyo. Kanada usahau kwa sasa, tangu Desemba 2018 wao wanahesabu kuendesha umelewa kama kosa zito na wanaweza kukurudisha mpakani, kwa hivyo ukiomba kazi sema mapema lodi za huko huwezi.

Hilo lori unalolipia kwa mkataba ndilo linaninyima usingizi. Malipo ya kila wiki hayajui DWI. Usingoje mpaka CDL ifungwe ndio uwaambie huwezi, wapigie ukiwa bado unafanya kazi, uliza mkataba unasemaje kuhusu kurudisha, ama kuweka dereva mwingine mwenye rekodi safi akuendeshee mgawane. Mjomba wako ana marafiki Fort Worth wanaotafuta lori, nimeshamwambia aulize kimyakimya. Na kwa huo mwaka usikae nyumbani ukihesabu dari, dispacha, mpangaji wa safari za malori, anayejua barabara ya I-35 kutoka Laredo mpaka juu anatafutwa, ghala wanataka watu wa foklifti, hata karakana za dizeli wanafundisha.

Halafu green card. Wewe ulikuwa unataka kujaza fomu ya uraia. DWI moja ya kawaida, isiyoumiza mtu, kwa kawaida haifukuzi mwenye green card, lakini usisaini makubaliano yoyote na mwendesha mashtaka kabla wakili wa imigresheni hajayasoma, yule wa jinai anaangalia kifungo, wa imigresheni anaangalia maneno. Ukiwa kwenye probesheni hawawezi kukupitishia uraia mpaka iishe. Na fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, kukamatwa tu, kwa hivyo hata ukishinda utaandika ndiyo na kuambatisha karatasi za koti. Zitunze zote.

Nimeacha hili la mwisho kwa sababu ni gumu kwangu. Kosa la pili la namna hii, hata likija baada ya miaka kumi na tano, hata likiwa tena kwenye gari ndogo, CDL inafungwa maisha. Baadhi ya majimbo yanaweza kukurudishia baada ya miaka 10 ukipitia matibabu, na ukirudia baada ya hapo hakuna tena. Mimi sijakuuliza ulikunywa ngapi. Nakuuliza kama unaweza kukaa Jumamosi nzima bila kunywa na usihangaike, kwa sababu tangu mlipoachana na mama watoto nikikupigia jioni nasikia sauti yako imebadilika, na nimenyamaza nikijua wewe ni mtu mzima. Kama ni ngumu, anza kumwona mshauri sasa hivi, usingoje koti ikutume. Jaji anapenda kuona ulianza mwenyewe, lakini mimi sikwambii kwa ajili ya jaji. Wewe ndiye unayelala peke yako kwenye lile lori usiku huko Oklahoma, na barabarani kuna watoto wa watu.

Hela ya wakili usiwe na wasiwasi nayo sana, nimeongea na kina mama wa chama, watanikopesha, utanilipa polepole. Leo usiku piga picha ile DIC-25 pande zote mbili unitumie, nione tarehe. Kesho asubuhi kabla ya saa nne mpigie wakili, mwambie ombi la kusikilizwa litoke kesho hiyohiyo na akutumie uthibitisho kwamba wamelipokea. Gari iache, mwambie jirani akupeleke.

Mama yako