Maswali Yenu: SHA na Malipo ya Mwaka Mzima

SWALI: Mhariri, nauza mitumba Gikomba. Enzi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani, nilikuwa natuma shilingi 500 kila mwezi kwa simu. Nimejisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi yake, na ujumbe wa kuthibitisha ninao, lakini mtoto alipolazwa niliambiwa bima haifanyi kazi. Sasa natakiwa nilipe mwaka mzima kwa mkupuo. Nifanyeje?
Mama wa Mitumba, Nairobi

JIBU: Pole, Mama. Usajili ulio nao haukunyimi kila kitu: matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani levo 2 na 3, hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi hata kama hujachanga. Kulazwa katika hospitali za levo 4 hadi 6 ndiko kunakodai mchango wa SHIF, yaani mfuko wa bima unaosimamiwa na SHA, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kati ya usajili na malipo kuna tathmini ya kipato. Bonyeza *147# au ingia tovuti ya Afya Yangu, ujibu maswali kuhusu nyumba, maji, choo na idadi ya watu nyumbani. Usipoyamaliza, hakuna kiasi unachopangiwa, hivyo huwezi kulipa na bima haianzi kufanya kazi. Waandikishe mume na watoto papo hapo. Asiyeonekana kwenye orodha yako hatatambuliwa hospitalini. Na namba ya simu iwe ile iliyo mkononi mwako, si laini uliyoipoteza.

Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, kisipungue shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. NHIF ilikuwa 6,000, kwa hiyo kaya maskini kabisa imepata nafuu. Kasoro ni mkupuo. Anayeuza shati moja moja hapati pesa kwa mwaka, na sheria iliandikwa kana kwamba anapata. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole unasaidia, ila jua kwamba ni mkopo: mchango unalipwa wote mara moja, wewe unarejesha kidogo kidogo. Uliza gharama ya mkopo kabla ya kukubali. Na kama kiasi ulichopangiwa hakilingani na hali yako, omba kipitiwe upya katika ofisi ya SHA. Usiache tu kulipa.

SWALI: Msaidizi wangu wa nyumbani analipwa 18,000 kwa mwezi. Nikate ngapi za SHA, na mimi niongeze ngapi?
Mwajiri, Thika

JIBU: Kata 495, yaani asilimia 2.75 ya 18,000. Wewe huongezi kitu. SHIF si kama ushuru wa nyumba, ambapo mwajiri na mwajiriwa kila mmoja hutoa asilimia 1.5. Piga hesabu kwa mshahara wote kabla ya makato, pamoja na marupurupu, si kwa kile kinachobaki mkononi. Pesa hizo ziwasilishe SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa kuna faini, na anayeumia kwanza ni msaidizi wako akifika hospitali.

Usimwambie ajilipie kama mtu wa jua kali. Ni mwajiriwa, kwa hiyo analipiwa mwezi kwa mwezi, na hiyo ni nafuu kubwa kwake. Chini ya NHIF mshahara huo ulikatwa 600. Waliopanda ni wenye mishahara mikubwa: wa 100,000 alikatwa 1,700, leo ni 2,750.