Kabla ya kugawa wilaya, kipeni kijiji mtendaji wake

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wilaya ya vijijini iliyoelemewa na watu igawanywe. Mimi nasema tusianzie huko. Tuanzie ofisi ya kijiji, kwa mtendaji anayeiendesha.

Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa kwenye kata moja ya pembezoni. Nilizunguka na mwenyekiti wa kitongoji, kishikwambi mkononi, kila kaya swali lile lile: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23? Kwenye boma moja mama mwenye nyumba alitutajia kwa vidole wanawe, wake zao, wajukuu, na kijana mchunga ng'ombe aliyefika jioni ile tu. Alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, ukishatuandika, nani atakuja kutuona?" Nilikosa la kumjibu.

Tanzania nzima tulikutwa watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Kijiji hata kikijaa vipi, kiti cha mtendaji ni kimoja, na huku kwetu hata hicho mara nyingi kinakaimiwa na mtendaji wa kijiji jirani. Jirani yangu alihangaikia barua ya utambulisho ya binti yake siku tatu. Ya kwanza mtendaji yuko kijiji cha pili, ya pili ameitwa wilayani. Ya tatu akamkuta njiani. Mtendaji akasimamisha pikipiki chini ya mwembe, akatoa muhuri mkobani, akaigonga barua juu ya tangi la mafuta. Simlaumu hata kidogo. Mihuri ya vijiji viwili ilikuwa ndani ya mkoba mmoja.

Mtendaji ndiye katibu wa mkutano mkuu wa kijiji, ule wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Asipokuwepo, mkutano unaahirishwa, mapato na matumizi hayasomwi, mihtasari haiandikwi. Na watu wakiongezeka, ugomvi wa kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo kwa niaba ya wakazi. Sasa mkulima na mfugaji wakidai eneo moja, na muhtasari wa kikao kilichogawa haupo, nani atawaamua? Wanakwenda wilayani. Halafu tunasikia wilaya imeelemewa!

Sikatai kwamba ziko wilaya kubwa kupita kiasi. Uvinza ilimegwa kutoka Kigoma Vijijini mwaka 2012, na ilistahili. Lakini mtu wa Kalya, kusini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, bado yuko mbali sana na makao makuu yake mapya. Wilaya mpya inaleta mkuu wa wilaya, mkurugenzi, majengo na magari. Sehemu tu ya fedha hizo ingeajiri watendaji, kila kijiji na wake, na kuwanunulia daftari la wakazi la kuandika wanaozaliwa, wanaohamia na wanaofariki, bila kungoja sensa ya miaka kumi.

Mwaka jana nilipita tena kwenye lile boma. Mwana mmoja amejenga lake pembeni, wajukuu wameongezeka wawili. Kwenye daftari la kijiji hakuna hata mmoja wao.