Barua kwa mwanangu: Siku ya kwanza ni ya boti

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mtwapa tu wazima, mvua za masika zimeshika, na mama yako anawasalimu sana wewe, mumeo na wajukuu.

Ujumbe wako nimeusoma kwa utulivu. Umesema mmenunua boti ya mtumba, Malibu Wakesetter ya 2011 ya futi 21, zile za kuvuta watu kwenye ubao juu ya wimbi ambalo boti yenyewe inalichimba nyuma yake. Imelala ghalani majira yote ya baridi, na mwezi ujao mnataka kuishusha Ziwa Minnetonka, huko kwenu Minnesota, Marekani. Ukaniuliza: "Baba, sisi hatujawahi kumiliki hata mtumbwi. Tuiandae vipi kabla ya siku ya kwanza?"

Jibu langu kubwa ni hili: siku ya kwanza msiende kucheza, nendeni kuijaribu boti. Ubao ubaki nyumbani, marafiki wasubiri, wajukuu wangu wabaki na mtu mnayemwamini. Mwende wewe na mumeo, na kama mnamjua mtu aliyezoea boti za aina hiyo, mchukueni. Boti ya mtumba ina siri za mwenyewe wa mwanzo, na ni heri zijitokeze mkiwa wachache karibu na gati kuliko mkiwa kumi katikati ya ziwa.

Kazi yenyewe inaanzia uani. Fundi wa pwani hana shida na barafu, lakini nyinyi Minnesota mnayo. Injini nyingi za boti hizo hupozwa kwa maji ya ziwa yanayopita ndani ya bloku, yaani mwili wa chuma wa injini. Maji yakiganda hutanuka na kupasua chuma. Ndiyo maana kabla ya baridi hufunguliwa vizibo vya bloku na mipira ya maji ili yote yatoke. Mwombeni aliyewauzia risiti ya kazi hiyo. Halafu hakikisheni kila kizibo na kila mpira umerudishwa na kukazwa, maana kimoja kikisahauliwa, injini itamwaga maji ndani ya boti. Chomoeni kijiti cha kupimia oili mkiangalie: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na boti isiwashwe mpaka fundi aione.

Pampu inayovuta maji ya kupoza ina impela ya mpira, yaani kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji. Wekeni mpya, hata kama mwenye boti aliapa kwamba ya zamani ni nzima. Bei yake ni ndogo, na mapezi yake yakikatika, vipande huenda kuziba njia ya maji mbele. Impela hiyo haivumilii kuzunguka kavu, kwa hiyo boti ikiwa juu ya trela msiwashe injini hata kidogo bila kuunganisha mpira wa maji kwenye njia yake ya kuvuta. Ikishawaka, angalieni kama maji yanatoka kwenye ekzosi. Geji ya joto inatakiwa ipande, kisha itulie mahali pamoja. Ikizidi kupanda, zimeni papo hapo.

Hapa sasa nataka unisikilize kuliko mahali pengine pote. Boti nilizozizoea mimi ama zina mashine ya dizeli ndani, ama mashine ya petroli iliyoning'inia nje nyuma. Yenu ni ya petroli na imefungiwa ndani ya sanduku kule tezi, nyuma ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukajikusanya kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja inatosha kuilipua boti na watu wake. Kabla ya kuwasha, kila mara, fungueni kifuniko cha injini mnuse. Kisha washeni feni ya kutoa hewa na muiache izunguke si chini ya dakika 4. Mkijaza mafuta, watu wote washuke kwanza, na baada ya kujaza mrudie kunusa na feni. Mkisikia harufu, hakuna kuwasha, hata kama foleni ya watu nyuma yenu pale gatini inapiga kelele.

Mwangalie pia kama stata na altaneta ni za boti kweli. Wapo wanaofunga za gari kwa sababu ni rahisi na zinaingia bila shida. Za boti zimezibwa ili cheche zake zisifikie mvuke. Za gari hazikuzibwa hivyo. Tafuteni kibandiko chenye alama ya kiwango SAE J1171 au maneno yanayosema zimekingwa dhidi ya kuwasha moto. Mkikosa kabisa, mwiteni fundi.

Kuhusu farumi: matangi yale hujazwa maji ya ziwa ili boti izame kidogo na wimbi liwe kubwa. Kila lita ni kilo moja, kwa hiyo mkiyajaza yote mnaongeza mzigo wa watu wengi ambao hamuwaoni. Siku ya kwanza yabaki matupu. Lakini mipira yake mkague yote, kiungo kwa kiungo, na pampu ya ngama mmwagie maji muone kama inajiwasha. Mpira wa farumi uliopasuka unaweza kuijaza boti kimyakimya wakati nyinyi mnaburudika na muziki.

Trela ni fupi: matairi, taa, breki, beringi zenye grisi. Mkifika ziwani, gusa vikombe vya magurudumu. Vikiwa vya moto, subirini vipoe, maana vikitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji ndani. Kizibo cha chini cha boti kifungwe kabla ya kurudi nyuma kwenye mteremko, na akifunge mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo. Kazi ya wote huishia kuwa haina mtu.

Vifaa vya usalama: jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, linalomtosha, na boya la kurusha. Mvae muda wote, kwa sababu mwezi wa tano maji ya huko bado ni ya baridi ya kukata pumzi hata jua likiwaka. Mtungi wa kuzimia moto, kama ni wa kutupwa, usiojazwa tena, na ulikuja na boti tangu 2011, muda wake umekwisha. Sheria ya huko huipa mitungi hiyo miaka 12 tu. Na ile kamba ya swichi ya kuzimia injini, dereva aifunge mwilini. Tangu Aprili 2021 ni sheria ya Marekani kwa boti ndogo kama yenu inapokwenda kasi, lakini hata isingekuwa sheria ningekuomba.

Mkiwa majini, jifunzeni boti isivyo gari. Haina breki. Usukani hutii pale tu propela inaposukuma maji, na mkirudi nyuma itavutia upande mmoja. Rusheni boya, mlizunguke, mlifuate polepole, injini ikiwa imezimwa mnapolifikia. Rudieni mpaka mkono uzoee, kwa sababu siku nyingine pale patakuwa na mtu, na propela yenu iko chini ya sakafu, haionekani. Msipunguze kasi kwa ghafla. Wimbi lenu wenyewe huwafuata, na kama omo, yaani mbele ya boti, imejaa watu, maji yanaingia mbele. Injini ikiwa inanguruma, asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na hukusanyika pale pale.

Siku ya mawimbi ikija, nendeni mbali na ukingo, palipo na kina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha mwaka 2022 kwamba mawimbi ya boti hizi yanahitaji zaidi ya futi 500 mpaka yalegee kama ya boti za kawaida zilizo futi 200 kutoka ufukweni. Kuna watu wana gati na boti zao kule ukingoni, na nyinyi ni wageni wao.

Mkitoka, toeni kizibo na mmwage maji yote ya farumi kabla ya kushika barabara. Minnetonka ina kome wa pundamilia, kome wadogo wavamizi, tangu 2010, na sheria inawakataza kuwabeba kwenda ziwa jingine.

Jumamosi mkiiwasha pale uani, nipigie simu ya video, uielekeze kwenye injini na kwenye geji. Kwenu ikiwa saa nne asubuhi, huku ni saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nyumbani. Usiizime mpaka nimeisikia vizuri.

Baba yako