Kabla Hujazijua Divai Zote, Ijue Soave

Weita mmoja wa Diani ameniandikia akiuliza aanzie wapi ili siku moja akabidhiwe divai za hoteli. Namjibu hapa, maana najua mnaoitamani kazi hii ni wengi.

Mimi nilianzia Soave. Malindi ina Waitaliano wengi, na hotelini kwetu divai hii nyeupe isiyo na utamu iliagizwa sana pamoja na samaki. Kazi yangu ilikuwa kuzibua na kumimina tu. Siku moja mgeni aliniuliza swali, meneja akanisogeza kando mbele ya meza nzima: "Huyu hajui kitu, nitakueleza mimi." Hadi leo neno lile linaniuma.

Nikaapa kuijua mpaka mizizi yake. Soave ni mji mdogo wa Italia, mashariki ya Verona, juu yake kuna ngome ya kale. Zabibu yake ni Garganega, na kisheria haipungui asilimia 70. Vilima vya kati ya Soave na Monteforte d'Alpone ndivyo vyenye haki ya kuitwa Classico, yaani eneo la asili la divai hii: upande mmoja udongo mweusi wa volkano, upande mwingine chokaa. Huko mizabibu mingi hutambazwa juu ya chanja, majani yakizifunika zabibu zisiungue na jua. Jina la Soave lilichafuliwa na divai nyepesi za tambarare, kulikovunwa kwa wingi bila kujali ladha.

Mwezi uliopita mgeni kutoka Verona alitaka kujua kwa nini nampendekezea Classico ilhali ya bei nafuu ipo. Nikamwelezea vilima vile, nikamwambia asubiri ule uchungu mdogo wa lozi unaobaki ulimini baada ya kumeza. Akaonja, akatikisa kichwa kukubali, akauliza nimesomea chuo gani. Meneja wa sasa alikuwa amesimama pale pale.

Basi, ndugu yangu, shika divai moja uijue. Soma lebo. Nusa kabla ya kuonja, kisha soma lebo tena. Usiizamishe kwenye barafu hadi igande. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha, ikizidi baridi harufu hupotea. Wala usikae ukingoja hoteli ikulipie kozi. Wanaongoja hubeba trei mpaka wanazeeka, nimewaona. Jifunze usiku, jifunze siku ya mapumziko, uliza wageni wenyewe.

Ukishaizoea Soave, tafuta Gavi, divai nyeupe ya mkoa wa Piemonte huko huko Italia, inayotokana na zabibu ya Cortese peke yake, uzionje zote mbili kwa pamoja.