Mhame, lakini orodha ikateni nusu

Swali lenu la wiki hii, "likizo ya wawili: mtulie sehemu moja au mhame hame?", limenikuta hata nguo za safari sijamaliza kufua, kwa hivyo najibu moto moto. Mhame. Ila mhame kwa treni, na ile orodha ya vituo mnayoiandika nyumbani mkiwa na chai mkononi, ikateni nusu.

Mimi na baba Salma tunaishi Ujerumani, mie Mlamu yeye mtu wa Tanga, na mwezi wa kumi tulikwenda Sicily, kisiwa cha Italia, siku tisa, Salma tukamwacha kwa shangazi yake. Sasa mwenzangu ni mtu wa ratiba. Alinijia na karatasi ina vituo tisa, yaani kila siku kitanda kipya, nikamuuliza baba Salma, sisi twaenda likizo au twaenda kukagua reli? Tulibishana wee mpaka vikabaki vinne: Catania, Siracusa, Palermo na Cefalù. Na hata hivyo vinne naona kimoja kilizidi, Cefalù tungeenda asubuhi tukarudi jioni maana kutoka Palermo ni kama saa moja tu, badala yake tukaburura masanduku.

Kuingia kisiwani hatukupanda ndege, tulipanda treni Napoli, inashuka na pwani ya Calabria mpaka Villa San Giovanni halafu reli inaishia baharini. Nikadhani tutashuka na mizigo. Kumbe treni nayo inavuka! Wanaikata vipande kwa sababu meli ni fupi kuliko treni, vipande vinasukumwa tumboni mwa feri kwenye reli zilizomo mle, kimoja kando ya kingine, kisha safari ya Messina, upande wa Sicily. Mie niliyezoea feri ya Likoni na mikokoteni yake na kusukumana kwake, sikuwahi kuwaza kwamba feri yaweza kumeza treni. Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa, kukata na kuunga tena ndiko kunakokula muda, lakini sisi tuna haraka ya nini? Tulitoka behewani tukapanda ngazi juu kupunga upepo, huko wanauza arancini, madonge ya wali yaliyojazwa kitu ndani yakakaangwa. Mnaochunga kama sisi ulizeni kwanza, maana ya nyama mara nyingi huwa imechanganywa na nguruwe. Tulikula ya mchicha na jibini, baba Salma akaongeza ya pili akasema ni ya Salma.

Catania ni mji mweusi, sikutegemea. Majengo na barabara vimejengwa kwa mawe ya volkeno ya Etna, mlima wenyewe unauona huko juu, zaidi ya mita 3,300, unatoa moshi taratibu kama mzee na kiko. Na katikati ya uwanja mkuu kuna nani? Ndovu! Ndovu wa jiwe la volkeno, amebebeshwa mnara mgongoni, ndiye alama ya mji. Mume wangu alicheka akasema tumetoka Afrika kuja kupiga picha na ndovu. Nyuma ya uwanja kuna soko la samaki, hapo mie nilikuwa nyumbani, jodari, pweza, nduaro wamekatwa mapande na kile kichwa cha upanga kimesimamishwa juu ya meza, na wauzaji wanapiga kelele utadhani mnada. Kuzunguka Etna kwa ile treni ndogo tulikosa, tulifika stesheni Jumapili, haifanyi kazi, na kosa ni letu hatukuangalia.

Jambo moja la kazi niwape. Treni za kawaida za mle kisiwani bei yake haibadiliki, huna haja ya kuwahi kununua, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine pale stesheni kabla hujapanda. Sisi tulipanda nayo safi kabisa, haijagongwa. Mkaguzi akatutazama, akaitazama tiketi, akaandika saa kwa kalamu akapita zake, lakini mwingine angetupiga faini na angekuwa na haki.

Siracusa tulilala Ortigia, mji wa kale ulio kwenye kisiwa kidogo cha daraja. Kanisa kuu lake limejengwa ndani ya hekalu la Athena, nguzo za Wagiriki bado ziko ukutani unazigusa kwa mkono. Na kuna chemchemi ya maji baridi hatua chache tu na bahari, imeota mafunjo.

Palermo sitaimaliza hapa, Waarabu waliishika tangu 831 hadi 1072 na ukitembea soko la Ballarò utaamini. Wana bajia bapa za unga wa dengu wanaziita panelle wanazitia ndani ya mkate, na wana kashata ya ufuta, kashata kabisa!

Lakini nilichotaka kuwaambia hakikutokea kituo chochote, kilitokea njiani, kati ya Catania na Palermo. Ni kama saa tatu, na siku ile kipande kimoja tulipandishwa basi kwa sababu reli inajengwa upya. Kabla ya hapo treni inapita mashamba ya machungwa, na katikati ya machungwa nikaona hodhi za mawe zimejaa maji. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu akaniona nilivyokodoa macho, akanyoosha kidole: "gebbia". Wanatamka jebbia. Nikamwambia jabia. Akatikisa kichwa, gebbia. Jabia, mzee wangu! Kwetu Lamu hodhi la kukingia maji ya mvua ni jabia, neno la Kiarabu hilo hilo, limekwenda kaskazini likafika kwao, limekuja kusini likafika kwetu. Baba Salma akamweleza kwa Kiitaliano chake cha kubahatisha na mikono, mzee akacheka akatupa chungwa.

Usiku nikamtumia mama sauti Lamu, nikamhadithia feri iliyomeza treni, ndovu, nguzo, jabia, dakika nne nzima. Akanijibu kwa neno moja tu: "Na maji yake ni matamu?"