Barua kwa mwanangu: mtoro aliyechapa matangazo ya watoro

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza mama yako alikuwa anakaanga samaki, sikuambulia kitu. Umeuliza: "Baba, yule Benjamin Franklin uliyekuwa ukitusimulia kila umeme ukikatika, kumbe alikuwa na watumwa! Ulijua? Na kama ulijua, mbona hukutuambia?"

Nilijua, mama. Mlikuwa wadogo nikawapa upande mtamu. Mkakua, nami nikawa nimeshauzoea. Sina udhuru mwingine.

Mapenzi yangu kwa Mmarekani huyo hayakuanza na radi wala kile kishada alichokirusha kwenye mawingu ya radi kuchunguza umeme. Yalianzia kazini. Unakumbuka mikono yangu ilivyokuwa nikirudi kutoka kiwanda cha chapa, wino umeingia mpaka chini ya kucha. Tulipanga herufi za risasi, yale madini yenye sumu, moja moja, zimegeuka kama unazitazama kwenye kioo, na usiku usingizini vidole bado vinaitafuta herufi "a". Franklin alianza hivyohivyo kule Boston mwaka 1718, ana miaka 12. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni mwenye watoto 17, kwa hiyo shule kijana aliionja miaka miwili tu, kisha akawekwa mwanagenzi kwa kaka yake James, mchapaji.

Kuna barua aliyoandika uzeeni, mwaka 1786, ambayo mtu wa kazi yetu akiisoma lazima atazame viganja vyake. Anasema akiwa kijana London aliona wenzake wanaegemeza kasha la herufi mbele ya moto zikauke, naye akaipenda ile joto vidoleni wakati wa baridi. Mzee mmoja akamwonya kwamba atapoteza mikono. Wenzao wawili walikuwa karibu kuipoteza, mmoja wao alikuwa akipata shilingi 21 kwa wiki, sasa hafikishi zaidi ya 10. Mimi hakuna mzee aliyenionya. Ndiyo maana nilimpenda Franklin kama mtu niliyekaa naye benchi moja.

Sasa lile uliloliuliza.

James alikuwa akimpiga. Mkataba ulimfunga mpaka afike miaka 21, lakini mwaka 1723, ana miaka 17, akaingia melini kwa siri, akatokea Philadelphia na mikate mikubwa mitatu, miwili kwapani na mmoja mdomoni. Hapo wasimulizi wote tunacheka. Lakini kisheria kijana yule alikuwa mtoro. Miaka sita baadaye ana gazeti lake, Pennsylvania Gazette, na ndani yake, mwaka baada ya mwaka, kuna matangazo ya watumwa wanaouzwa na watumwa waliotoroka: wajihi wake, nguo alizovaa, zawadi kwa atakayemrudisha. Nimepanga matangazo mengi maishani, ya vifo, ya minada, ya viwanja. Katika chapa ya mkono hakuna neno linalojipanga lenyewe. Kila herufi imepita kwenye vidole vya mtu, naye ameisoma.

Na nyumbani kwake pia walikuwamo. Mwaka 1757 alipokwenda London na mwanawe William, walifuatana na watumwa wawili, Peter na King. King akatoroka. Walipopata habari zake alikuwa Suffolk, hukohuko Uingereza, kwa bibi mmoja aliyekuwa anamfundisha kusoma, kuandika na kupiga fidla na tarumbeta. Franklin mwenyewe alimwandikia mkewe habari hizo mwaka 1760. Huyo King ningependa kujua maisha yake kuliko ya mawaziri wote.

William ndiye aliyekuwa na baba yake siku ya kile kishada, mwaka 1752. Wachoraji humfanya mtoto mdogo, kumbe alikuwa kijana mzima. Kitabu cha maisha yake Franklin alikianza mwaka 1771 kama barua kwa William huyo. Maneno ya kwanza kabisa ni "Mwanangu mpendwa". Juni 1776 baba yuko kwenye kamati ya watu watano ya kuandika Tamko la Uhuru wa Marekani, na mwezi huohuo mwana, gavana wa mfalme wa Uingereza huko New Jersey, anakamatwa. Hawakupatana tena. Walionana mara ya mwisho Southampton mwaka 1785, wakamalizana mambo ya mali na madeni. Mzee alikuwa ameshamzika mwanawe mwingine, Francis, miaka minne, kwa ndui, mwaka 1736. Nilipokuwa nikiwasomea nyinyi mwanzo wa kile kitabu sikuwa nimefika huko, nikadhani ni kitabu cha baba na mwana.

Ubalozi wake huko Ufaransa, mkataba wa amani na Uingereza wa 1783, Katiba ya Marekani ya 1787, hayo utayakuta kila mahali. Hata sura yake iko kwenye noti ya dola 100, na urais wa Marekani hakuupata.

Uzeeni aligeuka. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na Februari 1790 akatia saini ombi lao kwa Kongresi. Mbunge mmoja wa kusini akatetea utumwa kwa hotuba ndefu. Franklin, mgonjwa kitandani, miaka 84, akamjibu kwenye gazeti kwa hotuba ya kubuni ya mkubwa mmoja wa Algiers anayetetea kuwatumikisha Wakristo, hoja kwa hoja kama za mbunge yule. Akiwa na miaka 16 alikuwa akijificha nyuma ya jina la mjane na kupenyeza makala usiku chini ya mlango wa kaka yake. Mchezo ni uleule. Wiki tatu na siku chache baadaye, tarehe 17 Aprili, akafariki. Alichelewa sana, na wale wa kwenye matangazo hakuna aliyewarudishia kitu.

Kitabu kiko kabatini, jalada limeliwa na mende. Ukija, kichukue. Na nipitishie kwa fundi miwani yangu, ile ya vioo vya nusu kwa nusu, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea, kama aliyojitengenezea yeye. Mkono mmoja wa miwani umekatika na hii barua nimeiandika nikiishikilia.

Baba yako